Ghorofa ya Hasi Mbili

Lusia hakuzaliwa na roho mbaya. Naanza na hilo, maana mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Alizaliwa Mbulumbulu, kwenye shamba la ngano na maharage, mtoto wa mwisho wa Mama Lazaro, na alichozaliwa nacho ni roho ya kwa nini. Kwa nini gauni la dada lina mfuko na langu halina? Kwa nini ng'ombe wa jirani kazaa jike na wetu kazaa dume? Mama yake alikuja kunisimulia baadaye kwamba Lusia akipewa kiazi, kabla hajakimenya alitazama kwanza kiazi cha mwenzake. Akikiona kikubwa kuliko chake, alikula huku analia, na alikimaliza chote.

Mimi naitwa Angela. Nafua mashuka kwenye lodge moja iliyojengwa mteremkoni juu ya Karatu, karibu na msitu wa hifadhi, ambako wageni hulala wakisubiri kushuka kreta asubuhi kutazama wanyama. Katika nyumba za wafanyakazi nakaa chumba kimoja na Lusia, kitanda changu huku na chake kule, kwa hiyo sisemi mambo ya kusikia. Wala simsemi vibaya. Namsema alivyo, na kama ana tatizo na hilo, mlango ni ule ule mmoja tunaoutumia wote.

Lazima kwanza nieleze jengo, maana bila jengo mtu huyu haeleweki. Barabara inapita juu kwenye kilima, kwa hiyo mlango mkuu na mapokezi viko katikati ya jengo, si chini kama majengo ya watu wengine. Ukiingia unaweza kupanda ghorofa mbili, au unaweza kushuka ghorofa tatu zinazofuata mteremko mpaka kwenye migomba. Mzungu aliyechora ramani aliagiza namba ziandikwe kwa rangi nyeupe kwenye mawe ya ngazi. Mapokezi ni 0. Juu ni +1 na +2. Chini ni −1, −2 na −3. Wageni wanazielewa bila kuuliza. Sisi tulihitaji darasa.

Darasa lilitolewa na meneja wetu, Thomasi, ambaye si mtu mbaya ila anapenda kufundisha kuliko anavyopenda kula. Alitukusanya kwenye ngazi kabla lodge haijafunguliwa.

"Sifuri ni hapa nilipo," alisema. "Ukipanda ni chanya. Ukishuka ni hasi. Sitonik, wewe uko hasi mbili, mgeni anataka umpandishie begi ghorofa tatu. Utafika wapi?"

Sitonik ni mbeba mizigo, mwanamume mwenye familia na mguu mzuri wa kushoto uwanjani. Hakujibu kwa mdomo. Alishuka mpaka hasi mbili, akageuka, akapanda taratibu kama aliyebeba begi kweli: hasi moja, sifuri, chanya moja. Akasimama pale na kushika kiuno.

"Hapa," alisema.

"Chanya moja," alisema Thomasi. "Sasa nani ataniambia, kati ya hasi mbili na hasi tatu, ipi kubwa?"

Wote tukasema hasi tatu. Ni nani asiyejua tatu ni kubwa kuliko mbili? Thomasi akatikisa kichwa, akasema upande wa chini mambo hugeuka: anayekwenda mbali zaidi na sifuri kwa kushuka ndiye mdogo zaidi. Mpishi akamuunga mkono. Alisema friza yake ya nyama hukaa hasi kumi na nane, na akiikuta imepanda hadi hasi tano, ujue nyama imeanza kulainika na mtu atafukuzwa kazi. Sitonik naye akasema kumbe ndiyo maana timu yao yenye tofauti ya magoli hasi sita ilikaa juu ya timu yenye hasi tisa kwenye ligi ya kata, na yeye siku zote alidhani ni upendeleo wa mwamuzi. Tukacheka. Lusia hakucheka. Alikuwa anatazama karatasi mkononi mwa Thomasi, iliyoonyesha nani atafanya kazi wapi.

Mimi nilipangiwa hasi tatu, londri, jirani na jenereta. Lusia alipangiwa vyumba vya hasi mbili. Chanya mbili, kwenye vyumba vya fungate vyenye beseni la kuogea dirishani, alipewa Nalotuesha.

Nalotuesha ni msichana wa Malambo, kwa wafugaji. Uzuri wake nisiusemee sana maana na mimi nina roho. Alisoma kwa masista, Kiingereza chake kinatoka kama maji ya bomba, na akivaa shanga zake siku ya kupokea wageni, watu wanasahau mizigo yao wanamtazama yeye. Wageni wa fungate huacha tipu kama watu wasiojua kama kesho ipo. Huku chini kwetu wageni ni wa makundi, wanaondoka asubuhi na mapema na kutuachia vumbi la kreta kwenye mashuka, na mezani peremende.

"Hasi maana yake nini?" Lusia aliniuliza siku ile, tukiwa tunatandika vitanda vyetu. "Maana yake umepungukiwa. Mtu akipungukiwa anaitwa hasi. Mimi nimepungukiwa na nini?"

"Ni namba ya ngazi tu," nilimwambia.

"Ingekuwa ya ngazi tu, wangempa yeye."

Na mimi nilikuwa nimewaza vilevile. Ila mimi wivu wangu nauficha chini ya mashuka. Lusia wake aliuvaa hadharani. Alikuwa na hesabu moja tu maishani: mwenzake akipata moja, basi yeye kapungukiwa moja, hata kama hakuna aliyegusa cha kwake. Nalotuesha akisifiwa, Lusia alitembea siku nzima kama aliyeibiwa.

Tena alimchunguza. Wakati wa chakula cha mchana alikaa karibu naye makusudi, akamuuliza kwa sauti tamu kwao wana ng'ombe wangapi.

"Hatuhesabu," Nalotuesha alijibu huku anakula.

"Si useme tu kwa kukisia. Hamsini? Mia?"

"Dada, kwetu ng'ombe hahesabiwi, wala mtoto. Tunawajua. Akikosekana mmoja zizini, baba anajua ni nani."

"Na ninyi kwenu mko wangapi?"

Nalotuesha akataja majina ya ndugu zake, mmoja baada ya mwingine, kwa utaratibu. Lusia alikuwa anakunja vidole chini ya meza na kupoteza hesabu. Jioni alikuwa mkali kweli. Alisema huyo anaficha utajiri, maana mtu maskini hutaja hesabu yake haraka. Nadhani kilichomuuma zaidi ni kwamba hakujua amezidiwa kwa kiasi gani. Mwenye wivu anahitaji namba. Bila namba analia bila kujua alie mpaka wapi.

Kisha akapata wazo, akaenda nalo kwa Thomasi. Mimi nilikuwa pale nachukua sabuni.

"Meneja, sifuri tuishushe," alisema. "Iwe kule londri kwa Angela. Tukianza kuhesabia kule, hakuna atakayeitwa hasi. Sote tutakuwa chanya, na wafanyakazi tutafurahi."

Macho ya Thomasi yaling'aa. Alikuwa amepata mwanafunzi.

"Haya. Londri ni sifuri. Wewe utakuwa ngapi?"

"Moja," alisema Lusia, na akatabasamu.

"Mapokezi?"

"Tatu."

"Na Nalotuesha?"

Lusia alihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo. Nilimwona. Tabasamu likaanza kumtoka kabla hajafika.

"Tano."

"Tano toa moja?"

"Nne."

"Na sasa hivi, ukitoka hasi mbili ukampelekea kitu chanya mbili, unapanda ghorofa ngapi?"

Lusia alirudi kwenye vidole vyake. Mbili za kufika sifuri, na mbili nyingine juu yake. Nne zile zile. Alisimama akitazama ukutani kama mtu aliyehamisha kitanda chumba kizima na paa bado linamvujia palepale.

"Sifuri naweza kuihamisha hata leo," alisema Thomasi. "Ngazi siwezi."

Na mimi je? Hakuna aliyeniuliza kama napenda kuitwa sifuri. Nilichukua sabuni yangu nikaondoka.

Tangu siku hiyo Lusia aliacha kabisa kutamka neno hasi. Tuna redio ndogo za mkononi za kuitana, na kila mtu anatakiwa kusema aliko kabla ya kusema anachotaka. Wengine wote tunasema. Lusia akiulizwa uko wapi, anajibu, "Floo mbili." Akihitaji taulo, "Leteni taulo floo mbili." Basi mtu mwenye haraka anapeleka taulo chanya mbili, na Lusia anasubiri chini akinung'unika kwamba huku hawahudumiwi.

Mara ya kwanza Nalotuesha alirudisha vitu mapokezi. Mara ya pili alielewa. Baada ya hapo kila kilichofika kwake bila kuagizwa, sabuni, balbu, hata mgeni mzee wa Kijerumani aliyepotea na begi lake, alikiita mzigo wa Lusia, akakishusha mwenyewe ghorofa nne au akamwomba Sitonik. Hakumshtaki kwa meneja. Lusia alipokea vitu bila kusema ahsante, kisha akaniambia yule msichana anateremka makusudi ili amwonyeshe funguo zinavyolia kiunoni.

Ni kweli zililia. Funguo za vyumba vya fungate zina kishikizo cha shaba.

Sasa huko nyumbani Mbulumbulu Lusia alikuwa na wivu mwingine wa kulisha. Dada yake Beatrice kaolewa Arusha, kajengewa nyumba ya bati la rangi, na kila Krismasi anarudi na keki ndani ya boksi. Lusia alihitaji kitu cha kuweka upande wake wa mizani. Basi akampigia simu mama yake akamwambia yuko floo ya pili, ana funguo za vyumba vya maharusi, na ana msaidizi. Nilikuwa kitandani kwangu nasikia. Nilijifunika shuka hadi usoni.

Mama Lazaro, mama wa watu, akalipeleka neno hilo kwenye jumuiya yao ya sala. Akalipeleka sokoni. Wiki hazikupita nyingi Lusia akaanza kupigiwa simu na watu wa kwao wakimwombea binti zao kazi, naye akawa anajibu kwa sauti ya pua kwamba atazungumza na uongozi. Nilimwonya. Nilimwambia uongo una miguu, na wa kwako una nauli. Akasema mama hana magoti ya kusafiri.

Mama alisafiri. Alipanda gari la viazi mpaka Karatu mjini, akachukua bodaboda mpaka getini, akiwa na kitenge kipya na kibuyu cha asali, bila kumwambia mtu. Mapokezi alimkuta msichana mgeni kazini, akamwambia anamtafuta mwanawe Lusia wa floo ya pili. Yule msichana akaonyesha juu.

Mimi nilikuwa napandisha mashuka safi chanya mbili. Nilimkuta mama mzee kakaa kwenye ngazi ya mwisho, kibuyu mapajani, anahema. Nilimjua kabla hajasema, maana ana paji la uso lile lile. Mlango wa fungate ukafunguliwa, Nalotuesha akatoka na ndoo mkononi na funguo kiunoni. Akaweka ndoo chini, akainama kidogo.

"Shikamoo, yeyo," alisema, kama kwao wanavyomwita mama.

"Marahaba, mwanangu. Namtafuta Lusia. Ni mimi niliyemzaa. Nimeambiwa ndipo hapa, ana funguo za vyumba vya maharusi na msaidizi."

Nalotuesha alinitazama, nami nikamtazama. Nilijua kinachokuja. Neno moja lilitosha: mama, shuka ghorofa nne. Ulimi wangu mwenyewe ulikuwa umeshakaa tayari, sitaki kujisafisha, na ilinibidi niume meno. Nilitaka kuona uso wa Lusia siku hiyo. Nilikuwa nimechoka kulala chumba kimoja na kiburi cha kuazima.

"Ndipo hapa," alisema Nalotuesha. "Amekwenda kukagua huko chini, hachelewi. Mimi ni msaidizi wake. Karibu ndani upumzike."

Akamshika mkono, akamwingiza chumba cha fungate, akamkalisha kwenye kiti cha dirishani ambacho sisi wengine hatujawahi kukikalia. Akamletea chai ya maziwa. Mama Lazaro aligusa shuka kwa ncha ya kidole, akagusa pazia, kisha akatazama nje na kuanza kuonyesha vilima vya kwao kule mbali, upande gani ni kanisa na upande gani ni shamba.

"Juu sana huku," alisema. "Bibi yangu hangelala. Nyumba yao ilichimbwa ndani ya kilima, paa liko sawa na ardhi, majani yameota juu yake. Walikuwa wanawakimbia watu wa kwenu waliokuja kuteka ng'ombe, mwanangu."

"Nimesikia," alisema Nalotuesha. "Na wazee wetu walikuwa wanapita juu ya paa hawajui kama kuna watu."

"Walikuwa wanajua, ila walichoka," alisema mama, na wote wawili wakacheka mpaka chai ikamwagika kwenye kisahani.

Halafu Nalotuesha akachukua redio. Nakumbuka alivyosema, kwa sababu redio zote za jengo zilisikia, kuanzia mapokezi hadi jenereta.

"Lusia, Lusia. Panda floo yako, chanya mbili. Mama yako amefika. Msaidizi wako anakusubiri na funguo."

Kwa kawaida Thomasi huingilia kila kitu redioni, na alikuwa ofisini, na redio yake ilikuwa imewashwa. Naye alinyamaza.

Nilitoka nje nikachungulia ngazi. Lusia alikuwa anapanda, aproni imelowa, nywele zimemtoka kitambaani. Alipita hasi moja. Alipita sifuri bila kumtazama msichana wa mapokezi. Pale chanya moja alisimama, akashika ukuta, nikadhani anageuka kurudi. Sijawahi kuona mtu anayepanda kwa sura ya mtu anayeshuka. Alipofika juu, Nalotuesha alikuwa amemtangulia mlangoni. Akafungua funguo kiunoni mwake akamwekea mkononi.

"Dada, hizi hapa," alisema kwa sauti ya kawaida. "Vyumba viwili nimemaliza."

Lusia alizifunga kiganjani. Zilikuwa ndizo zile zile alizozisikia zikilia usingizini. Akaingia, akamkumbatia mama yake, na mama akamshika mashavu akasema kumbe ni kweli, kumbe ni kweli, jumuiya watasema nini sasa.

Ningependa kusema Lusia alilainika. Hakulainika. Alianza kutembea chumbani kama mwenye nyumba. Alifungua kabati, akafunga. Akapitisha kidole kwenye fremu ya kioo. Kisha akasimama mbele ya lile beseni, jeupe, kavu, safi kama sahani ya padri, akasema bila kugeuka:

"Nalotuesha, hili hujalisugua vizuri."

Nalotuesha alipiga magoti akalisugua. Alisugua beseni safi, taratibu, mpaka pembeni. Mashuka yalinidondoka mikononi. Ningekuwa mimi ningemmwagia ile ndoo mbele ya mama yake na Mbulumbulu nzima. Mama Lazaro alikuwa ameacha kunywa chai. Alimtazama msichana aliyepiga magoti, akamtazama binti yake, akaweka kikombe kwenye kisahani.

Wakati wa kuondoka tulishuka pamoja mpaka mapokezi, mimi nyuma na tenga langu. Mama alisimama penye sifuri, akatazama ngazi zinazoendelea kushuka.

"Na huko chini kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama," alisema Lusia.

Nikawapita na tenga langu nikaanza kushuka kwenda huko ambako hakuna kitu. Ngazi mbili tatu chini nilisimama kupumzika, na niliyasikia yote.

"Asali hii," mama alisema, "nusu ni ya yule msichana. Nusu sawasawa. Na usimwonee. Wengine utawadanganya, mimi nakujua tangu viazi."

"Mama, yule ni msaidizi tu."

"Nimesikia," alisema mama. Kisha akasema jambo lingine, polepole, kama anayejisemea. "Mwenye bahati ni aliyemzaa yule."

Bodaboda ikawashwa. Lusia alibaki amesimama pale kwenye namba ile ya rangi nyeupe, funguo mkono mmoja, kibuyu mkono wa pili. Baadaye akapanda kurudisha funguo. Nalotuesha ndiye aliyeniambia mazungumzo yao, na yalikuwa mafupi. Lusia alimuuliza kwa nini alifanya vile. Nalotuesha akasema yeyo alikuwa amechoka ngazi, nani angemwambia ashuke nyingine nne? Basi. Kwake hiyo ilikuwa sababu ya kutosha.

Jioni chumbani kwetu Lusia alileta glasi mbili tupu akaanza kugawa asali. Aliziweka dirishani sambamba, akainama mpaka jicho likawa sawa na ukingo. Akaongeza hii, akapunguza ile kwa kijiko. Zilipokuwa sawa kabisa, alikaa akizitazama, halafu akachukua kijiko akaiongeza ile ya Nalotuesha. Akaongeza tena.

"Mama amesema sawasawa," nilimkumbusha.

"Asije akanizidi hata kwa kutoa," alisema.

Akampelekea. Nilimfuata mpaka mlangoni, maana mambo kama hayo hayaachwi yapite. Nalotuesha alikuwa anafua soksi. Alipokea glasi, akasema ahsante dada, akachovya kidole akalamba, akaiweka juu ya ndoo na kuendelea na soksi zake. Glasi ya Lusia ilikuwa mkononi mwa Lusia, wazi, mbele ya macho yake. Hakuitazama. Hakutaka kujua ipi ilikuwa kubwa.

Lusia alirudi kitandani akajilaza akiwa bado na aproni.

"Angela," alisema. "Nilikuwa namchukia vizuri tu. Jana alikuwa amenizidi ghorofa nne. Nne nilizijua, nilikuwa nazibeba. Leo sijui amenizidi ngapi."

"Muulize," nilisema, kwa ubaya.

"Atasema hawahesabu."

Akageukia ukutani. Nilidhani analia, lakini nilimsikia anakula asali kwa kijiko, kidogo kidogo, mpaka glasi ikagonga.

Asubuhi yake niliwasha mashine na kuweka redio juu ya rafu ya sabuni kama kawaida. Kundi moja lilikuwa linaondoka na Sitonik alikuwa anatafuta mizigo.

"Lusia, Lusia. Uko wapi?"

Ulisikika mkwaruzo tu wa redio, kama mtu amebonyeza kitufe na hajaanza kusema.

"Hasi mbili," alisema Lusia.

Alisema kwa hasira, kama mtu anayetema kokwa. Sitonik akamwomba arudie, naye akarudia, kwa sauti kubwa zaidi. Hasi mbili. Nilisikia funguo zikilia kule juu redioni, Nalotuesha anacheka bila ubaya, akisema sawa dada, leo mizigo yako haijafika kwangu.

Nilizima mashine. Nilikaa juu ya tenga la mashuka machafu, mimi Angela wa hasi tatu, ambaye hakuna aliyewahi kunionea wivu hata kwa makosa, na wivu ukanishika mimi. Sikumwonea Nalotuesha. Nilimwonea Lusia, mwenye mama wa kupanda gari la viazi, na mwenye mtu wa kupiga magoti kusugua beseni safi kwa ajili yake. Miaka yote niliyokaa huku chini, hakuna mtu aliyewahi kusema uongo ili anisitiri.